Check ni mfalme aliyezingirwa

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mfasiri chipukizi. Wiki hii nilikuwa na taarifa ya Kiingereza ambamo neno check limetokea mara sita, na kila mara kamusi ikanipeleka kwingine: kukagua, kuzuia, hundi, kitambaa cha miraba, hata alama ya tiki. Mahali penye checks and balances niliandika 'hundi na mizani', mhariri akanirudishia na alama kubwa ya kuuliza. Je, hili ni neno moja au ni maneno mengi yaliyogongana sauti? Na rafiki yangu anashikilia kwamba cheque ya benki ni neno la Kiarabu, sakk. Ni kweli?"

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi nikupe kwanza: ni neno moja. Kukagua, kuzuia, hundi, miraba, tiki, bili ya chakula, vyote vimetoka tumbo moja, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya mfalme. Tena neno hilo unalo nyumbani. Ukimsikia mshairi bingwa akiitwa shaha wa malenga, umelisikia. Shaha wetu na check ya Waingereza ni ndugu wa baba mmoja. Mmoja alitufikia kwa Bahari ya Hindi, mwingine akazunguka Bahari ya Kati, Ufaransa na Uingereza kabla ya kuja kwetu akiwa amebadilika sura hata hatambuliki.

Umeuliza vizuri ulipotenganisha neno moja na maneno yaliyogongana sauti, kwa sababu kila upande una njia yake ya kutafsiriwa. Chukua paa. Kuna paa la nyumba, kuna paa mnyama, kuna kupaa angani, na kuna kumpaa samaki magamba. Hakuna anayejaribu kutafuta uhusiano kati ya mnyama na magamba. Ni maneno mbalimbali yaliyokutana kwenye sauti moja, na kamusi huyapa kila moja namba yake. Hizo ndizo homonimu. Mkono ni hadithi nyingine. Mkono wa mtu, mkono wa shati na mkono wa sheria ni neno lilelile lililotanuka, na ukitulia unaona limetanukaje. Hiyo ndiyo polisemia.

Kiingereza kinazo zote mbili. Neno sound, kwa mfano, ni paa yao. Sound ya sauti imetoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa. Sound yenye maana ya mzima au timamu ni neno la asili la Kijerumani cha kale, ndugu wa gesund ya Wajerumani wa leo. Sound ya mlango wa bahari ina nasaba na sund ya watu wa Skandinavia. Na sound ya baharia anayeshusha bildi kupima kina cha maji imetoka kwenye kitenzi cha Kifaransa, sonder. Ni mito minne iliyomwaga maji katika bwawa moja. Check haiko hivyo. Check ni chemchemi moja iliyogawanyika.

Chemchemi yenyewe iko mbali sana. Katika mwamba wa Behistun, magharibi ya Iran ya leo, Mfalme Dario wa Uajemi aliamuru yachongwe maneno ya kujitambulisha, yapata mwaka 520 KK, na humo anajiita mfalme mkuu, mfalme wa wafalme. Neno alilotumia kwa mfalme lilikuwa refu, khshayathiya. Kadiri karne zilivyopita lilichakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi, likabaki silabi moja: shah. Ndilo lile la Shah wa Iran aliyeondoka madarakani mwaka 1979.

Sasa ingiza mchezo. Wahindi wa kale walikuwa na mchezo wa ubao ulioitwa chaturanga, yaani viungo vinne, kwa maana ya vikosi vinne vya jeshi: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Waajemi wakaupokea wakauita chatrang. Karne ya 7 Waarabu wakaiteka Uajemi, na pamoja na nchi wakauchukua mchezo. Lakini Kiarabu hakina sauti ya ch wala g ya Kiajemi, hivyo chatrang ikawa shatranj. Kutoka hapo sisi tukapata sataranji, Wareno wakapata xadrez na Wahispania ajedrez. Angalia basi kwamba jina la mchezo katika Kiswahili limebeba jeshi, ilhali majina mengi ya Ulaya yamembeba mfalme. Nitalirudia hilo.

Katika sataranji mfalme haliwi. Kete nyingine zote unaweza kuzila na kuziweka pembeni, yeye hapana. Kwa hiyo ilikuwa desturi kwamba ukimtishia mfalme wa mwenzako, umwonye. Unasogeza farasi wako, unaona sasa anamtazama mfalme, unatamka: shah! Yaani, mfalme wako huyo, mwangalie. Mwenzako hata kama alikuwa hatua moja kabla ya kumla malkia wako, mpango wake wote unasimama hapo. Ana mambo matatu tu ya kufanya: amwondoe mfalme, aweke kete katikati, au aile kete inayotishia. Akikosa yote matatu, mchezo umekwisha.

Nakuomba uishike picha hiyo ya mtu aliyekuwa anakwenda mbio akasimamishwa ghafla na neno moja. Maana zote za kuzuia zimezaliwa pale.

Mchezo ulipoingia Ulaya kupitia Hispania na Sicily, lile neno la kuonya likaingia nao. Kilatini cha enzi za kati kiliandika scaccus, Kifaransa cha kale eschec. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala kule, na Waingereza wakalichukua eschec, wakalikata kichwa, wakabaki na chek. Karibu na mwaka 1300 tayari linapatikana katika maandishi yao kama mwito wa mchezoni. Na wingi wake kwa Kifaransa ulikuwa eschecs, uliotamkwa bila ile k, nao Waingereza wakaukata kichwa vilevile, wakapata chess. Kwa hiyo chess ni wingi wa check. Ukitaka kuifasiri kwa neno lake hasa, chess ni "mashaha". Wajerumani husema Schach, Warusi shakhmaty, Waitaliano scacchi. Wote wanamtaja mfalme yuleyule. Ndiyo maana nimesema sataranji imebaki na jeshi. Siku hizi tunasema pia chesi, na hapo mfalme wa Waajemi ametuingilia kwa mlango wa pili.

Checkmate nayo inastahili aya yake. Wengi hufundishwa kwamba shah mat ni Kiarabu, mfalme amekufa, na sikio la Mswahili linakubali upesi kwa sababu tuna mauti na maiti, maneno ya mzizi huohuo wa Kiarabu. Lakini Kiajemi kina neno mat lenye maana ya mtu aliyeduwaa, aliyeishiwa, asiye na la kufanya. Mimi naelemea upande wa Kiajemi, na sababu yangu ni mchezo wenyewe: mfalme hafi ubaoni. Anabaki amesimama pale pale, mzima, ila kila mraba anaotaka kukanyaga umefungwa. Kuduwaa kunamfaa kuliko kufa. Na usiichanganye mate hii na mate ya rafiki au mwenzi. Ile ni ya lugha za Kijerumani, na hapo ndipo tumerudi kwenye hadithi ya paa.

Haya, tuone maana zilivyotawanyika. Kuna tawi la mwito na kuna tawi la ubao.

Tawi la mwito linaanza na kusimamisha. Karne ya 14 haijaisha, check imeshatoka mezani na kuingia maishani: kumzuia mtu, kumkatisha hatua, kumkemea. Wawindaji walisema kozi wao ame-check pale alipomwacha ndege aliyetumwa akageukia mwingine njiani. Leo keep something in check ni kulizuia jambo lisipitilize, na unchecked ni jambo lililoachwa likaenea bila kizuizi. Mchezaji wa hoki ya barafuni anapomkinga mwenzake kwa bega, hiyo ni check. Mcheza karata za poka anayepitisha zamu bila kuongeza dau anasema check, kwa kuwa anajizuia. Checkpoint ni kizuizi, mahali unaposimamishwa. Katika hizi zote fikiria mwendo uliokatizwa, hutakosea.

Je, kusimamisha kulifikaje kwenye kukagua? Hapa ndipo watu wengi hupoteza njia, na mimi mwenyewe ndipo napopapenda kuliko pengine pote. Kiungo ni udanganyifu. Ukitaka kumzuia karani asiibe, unalinganisha hesabu yake na kumbukumbu nyingine iliyowekwa mahali tofauti. Kulinganisha huko ndiko kunakomzuia. Kwa hiyo check ikawa kwanza kizuizi dhidi ya wizi, kisha kile chombo au kumbukumbu inayozuia, kisha kitendo chenyewe cha kulinganisha ili kujua kama jambo ni sahihi. Maana ya kukagua inaonekana wazi mwishoni mwa karne ya 17, karne tatu hivi baada ya maana ya kuzuia. Kutoka hapo ndipo tukapata check-up ya daktari, programu ya kukagua tahajia, na ile alama ndogo ambayo Wamarekani huiita check, sisi tunaiita tiki: ishara kwamba kitu kimeshalinganishwa na orodha.

Ukitaka ushahidi kwamba safari hiyo si ya kubuni, tazama neno control. Hilo lilisafiri kinyume. Mzizi wake ni Kilatini cha enzi za kati, contrarotulus, yaani gombo la pili lililonakiliwa ili kulinganishwa na la kwanza. Kwa hiyo control ilianza na kuhakiki hesabu ikaishia kwenye kuzuia na kutawala. Check ilianza na kuzuia ikaishia kwenye kuhakiki. Zimepishana njiani. Katika kichwa cha mhasibu, kuhakiki na kuzuia ni kazi moja.

Tawi la ubao ni refu zaidi, na hundi yako imening'inia huko.

Ubao wa sataranji kwa Kifaransa cha kale uliitwa eschequier. Kutokana na miraba yake tukapata chequered, kitu chenye miraba, na ufupisho wake checked: shati la miraba, kitambaa cha meza cha miraba. Wamarekani wakauita mchezo wa drafti checkers kwa sababu unachezwa kwenye ubao huohuo. Hayo ni mepesi. Zito ni kwamba ubao huu ulizaa wizara.

Wafalme wa Kinormani kule Uingereza walikuwa na shida ya hesabu. Kila wilaya ilikuwa na liwali wa mfalme anayekusanya mapato, na mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwezi Septemba, alipaswa kufika kutoa hesabu. Namba zao zilikuwa za Kirumi. Jaribu kujumlisha XIV na XVII kwa kuziandika tu, halafu peni kumi na mbili ziwe shilingi moja, na shilingi ishirini ziwe pauni moja, uone jasho litakalokutoka. Wakatafuta njia nyingine: meza.

Meza hiyo tunaijua vizuri kwa sababu mtunza hazina wa Mfalme Henry II, Richard FitzNeal, aliieleza katika kitabu cha Kilatini kiitwacho Dialogus de Scaccario. Anasema alianza kukiandika mwaka wa 23 wa utawala wa Henry, yaani 1176 hadi 1177, akiwa amekaa kwenye dirisha la mnara kando ya mto Thames. Meza ilikuwa na urefu wa futi kumi na upana wa futi tano hivi, na ukingo ulioinuka kiasi cha vidole vinne ili kitu kisidondoke. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheusi kilichopigwa mistari, na nafasi kati ya mstari na mstari ilikuwa futi moja au shubiri moja. Nafasi hizo zilikuwa safu: ya peni, ya shilingi, ya pauni, ya pauni ishirini ishirini, ya mamia, na kuendelea juu hadi makumi elfu. Karani hakuandika namba pale. Aliweka vibao vidogo vya kuhesabia.

Twende mezani tukaone. Liwali ameleta shilingi 14 na peni 9, kisha shilingi 17 na peni 11. Karani anaweka vibao 9 kwenye safu ya peni, anaongeza 11. Sasa viko 20. Anaondoa 12, anaweka kimoja tu kwenye safu ya shilingi, na vinane vinabaki. Kwenye shilingi kuna 14 na 17 na kile kimoja kilichopanda, jumla 32. Anaondoa 20, anaweka kimoja kwenye pauni. Vinabaki 12. Kila mtu aliyezunguka meza, hata asiyejua kusoma, ameona kwa macho: pauni moja, shilingi 12, peni 8. Liwali hawezi kusema ameibiwa, na mtunza hazina hawezi kuficha kibao mkononi.

Kitabu cha FitzNeal kimeandikwa kwa mtindo wa maswali na majibu, mwanafunzi akiuliza na mwalimu akijibu, kama tunavyofanya mimi na wewe. Na moja ya maswali ya mwanafunzi ni hili hili lako: kwa nini mahali hapa paliitwa scaccarium? Mwalimu anajibu kwamba meza inafanana na ubao wa sataranji. Kisha anaongeza kwamba kama ubaoni wafalme wawili wanavyopigana, ndivyo hapa mtunza hazina na liwali wanavyopambana, mmoja akidai na mwingine akijitetea, wengine wote wakitazama. Karne nane zimepita na sijaona maelezo ya asili ya neno yaliyo hai kuliko hayo.

Jina la kitambaa likawa jina la meza, la meza likawa la ofisi, la ofisi likawa la Hazina yote: exchequer. Ile x haikuwapo mwanzoni. Makarani wa baadaye waliona maneno mengi ya Kifaransa yanayoanza na es yametoka kwenye ex ya Kilatini, wakadhani na hili ni hivyo, wakaliwekea x isiyo yake. Waziri wa fedha wa Uingereza hadi leo anaitwa Chancellor of the Exchequer. Ukitafsiri andika Waziri wa Fedha, lakini ujue kwamba cheo chake kimetandikwa kitambaa cha miraba.

Hazina hiyo ilikuwa na kinga nyingine dhidi ya wizi: vijiti. Aliyelipa alichongewa kijiti chenye mikato ya kiasi alicholipa, kijiti kikapasuliwa kwa urefu, nusu akaichukua yeye na nusu ikabaki Hazina. Siku ya hesabu nusu mbili ziliunganishwa. Mikato isipolingana, mmoja amedanganya. Utaratibu huo uliendelea mpaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 waliamua kuvichoma vijiti vya zamani katika tanuri za chini ya Bunge la Mabwana, moto ukawashinda, Jumba la Westminster, makao ya Bunge, karibu lote likateketea.

Nimekutajia vijiti kwa sababu wazo lake ndilo lililozaa hundi. Karatasi ilipochukua nafasi ya kijiti, hati iligawanywa vilevile: kipande kimoja anapewa mtu, kingine kinabaki kitabuni kwa ajili ya kulinganisha. Mwanzoni mwa karne ya 18 kile kipande kinachobaki ndicho kilichoitwa check, kwa maana ileile ya kizuizi dhidi ya wizi. Baadaye jina likahama kutoka kipande kinachobaki kwenda kwenye karatasi nzima, kisha kwenye kile kinachochanwa na kupelekwa benki. Tahajia ya cheque ilikuja kwa kuiga exchequer, ikakita mizizi Uingereza katika karne ya 19. Wamarekani wakabaki na check. Unaona matawi mawili yalivyokutana tena: maana imetoka kwenye mwito wa mchezo, herufi zimetoka kwenye ubao.

Sasa rafiki yako na sakk. Usimbeze, maana ana nusu ya haki. Sakk, yaani hati ya deni au ya malipo, ilikuwapo kweli, na ilitumika karne nyingi kabla ya Waingereza kuwa na benki. Msafiri Ibn Hawqal, karne ya 10, aliandika kuhusu sakk ya deni la dinari 42,000 aliyoiona Awdaghust, kusini mwa Sahara, dhidi ya mfanyabiashara wa huko. Wazo la kuhamisha fedha kwa karatasi badala ya kubeba dhahabu jangwani lilikuwa la kawaida katika ulimwengu wa Kiislamu. Lakini historia ya kitu si lazima iwe historia ya jina lake. Kama cheque ingetoka kwenye sakk, tungetarajia kuiona kwanza kwa Waitaliano au Wahispania waliofanya biashara na Waarabu, ikipanda taratibu kuelekea kaskazini. Haionekani hivyo. Inaonekana kwanza Uingereza, ikiwa imeandikwa check, ikiwa na maana ya kipande cha kulinganishia; Kifaransa na Kijerumani wakaikopa kutoka kule. Waarabu wa leo nao huita hundi shīk, neno walilolipokea kutoka Ulaya. Lingekuwa neno lao la asili, wasingehitaji kulikopa tena. Mwambie rafiki yako kwamba hundi yetu sisi haimo kabisa katika ugomvi huo: neno hundi tumelipata kutoka India, kwa wafanyabiashara waliokuwa na hati zao wenyewe za jina hilo.

Yaliyobaki ni ya Marekani zaidi, na nitayapita haraka. Kipande cha kulinganishia kikawa kibati au tiketi unayopewa ukikabidhi koti au mzigo, ili usichukue wa mwenzio. Kikawa pia karatasi ya bili mezani. Tangu miaka ya 1880 kuna rain check, kipande cha tiketi kilichomruhusu mtazamaji wa besiboli kurudi siku nyingine mvua ikiharibu mchezo. Leo mtu akikuambia atachukua rain check, anaomba mwaliko wako usogezwe mbele. Tafsiri yake ni "tufanye siku nyingine", na mvua uiache.

Halafu kuna Czech, ya Jamhuri ya Cheki. Hiyo ni sadfa ya masikio, jina la watu tu, halina undugu wowote na mfalme wa Waajemi.

Na cheki yetu? Hebu cheki hii, nitakucheki kesho. Wengi huiona ni ya vijiweni na kuidharau. Mimi naiona ni hatua mpya katika safari ndefu. Kwa Waingereza check ni kukagua. Kwetu imekuwa kutazama, na kutoka kutazama imekuwa kuwasiliana na mtu. Hiyo maana ya nitakucheki, yaani nitakupigia au nitakupitia, tumeitengeneza sisi. Sasa Kiswahili kina shaha, chesi na cheki, watoto watatu wa khshayathiya mmoja, na mtu anaweza kuwatumia wote kwa siku moja bila kujua kwamba ni ndugu.

Kwa kazi yako, kabla ya kufungua kamusi jiulize check iliyo mbele yako inafanya nini. Je, inakatiza mwendo? Tumia kuzuia, kudhibiti, kukomesha. Je, inalinganisha jambo na kumbukumbu au hali inayotakiwa? Kuna kukagua, kuhakiki, kuchunguza, na kila moja lina mahali pake: hati huhakikiwa, gari hukaguliwa, mgonjwa huchunguzwa. Je, inahusu umbo? Ni miraba. Je, ni karatasi inayotoa fedha? Ni hundi. Chunga double check, kwa sababu nje ya mchezo ni kuhakikisha mara ya pili, lakini kwenye ripoti ya mashindano ya sataranji ni mfalme kutishiwa na kete mbili kwa mpigo, na hapo hawezi kukinga wala kula zote mbili. Hana budi kukimbia.

Tukirudi kwa mhariri wako: checks and balances ni tawi la kuzuia. Waliotunga Katiba ya Marekani mwaka 1787 waligawa mamlaka ili Rais aweze kupinga muswada wa Bunge, Bunge liweze kumwondoa Rais, na kila mmoja apate namna ya kumwambia mwenzake shah pale anapovuka mpaka. Balances ndiyo mizani, ulipatia. Kilichokuangusha ni hundi. Andika "mihimili ya dola kudhibitiana na kuwekeana mizani", au kama sentensi ni ndefu, "udhibiti wa mihimili baina yao". Mimi ningechagua ya kwanza, kwa sababu ile -ana ya kudhibitiana inaonyesha kwamba kila upande unao mfalme wa kulinda.